Viatu Mlangoni: Shajara ya Mtunza Vifaa

Jumanne, 10 Juni

Leo tumesoma mswada wote kwa sauti, na jioni nikakabidhiwa daftari la vifaa. Mchezo ni wa kwetu, tumeutunga wenyewe kikundini: mzee kafariki, ni siku ya arobaini, wake zake wawili bado wako edani, mtoto wake mkubwa karudi kutoka mjini anataka karatasi za nyumba. Mambo yote yanatokea ndani ya siku moja, uani na sebuleni.

Mwongozaji ametoa sharti moja tu: kila kitu kiingie kwenye gari letu dogo la Noah pamoja na waigizaji. Hakuna kuta, hakuna mlango, hakuna pazia. Tutacheza vijijini, Mkuranga kwanza halafu Kisarawe, chini ya miti na kwenye viwanja vya shule, na hatuna fedha ya kukodi lori. Kwa hiyo orodha ni fupi: kiti cha uvivu, sanduku la bati na kufuli lake, mkeka, bakora, kinu na mchi, doti moja ya kanga, taa ya chemli. Viatu sikuviandika. Nilivihesabu kwenye maleba.

Kijana anayecheza Kaka Mkubwa aliuliza watu watajuaje kwamba pale ni nyumba. Mwongozaji akamjibu, "Watajua kwa unavyoingia." Mimi ndiye ningepigiwa kelele nyumba isipoonekana, kwa hiyo jibu hilo halikunituliza.

Alhamisi, 12 Juni

Kazi yote ya leo imekuwa kiti. Nimekipata kwa fundi selemala Temeke, cha mbao na turubai lililofifia, lile turubai la mistari ambalo kila mtu ana babu aliyelilalia. Saa ya mapumziko kila mwigizaji alitaka kukijaribu. Watu wanajinyoosha, wanacheka, mmoja anakula chapati humo. Tuliporudi kwenye tukio la wageni wa rambirambi, kiti kikawa samani tu. Watu wanapita karibu nacho kama wanavyopita karibu na ndoo.

Anayecheza Shangazi ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi; ameanza maigizo tangu enzi za vikundi vya mashirika ya umma. Alisimama katikati ya ukumbi akasema, "Kuanzia sasa hakuna anayekalia kiti hiki. Hata mapumziko. Hata mkiwa mmechoka mnakufa." Vijana wakadhani ni ukali wa wazee. Yeye akaeleza: mwili ukishakijua kiti kwa kukilalia, hauwezi tena kukiogopa jukwaani. Kichwa kitaigiza heshima lakini makalio yanakumbuka.

Tukarudia tukio. Kila mgeni anaingia, anaona mkeka, anaona kiti, na njia yake inapinda. Si sana, nusu hatua. Wa tatu aligusa mkono wa kiti kidogo kama anayempa mkono mtu aliyesinzia, akaenda kukaa chini. Hapo niliona mzee yuko pale.

Tangu jioni nawaza hivi: kiti hakikupata maana kutoka kwa mtu aliyekitumia. Hakuna aliyekitumia. Kilipata maana kutoka kwa wasiokigusa, na kutokana na ukweli kwamba wote hawakukigusa kwa namna inayofanana. Mmoja akikosea, akaegemeza mkoba wake pale, mzee anakufa mara ya pili.

Mwongozaji alisoma sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hawezi kuacha kutaja vitabu. Alisema kulikuwa na wataalamu wa nadharia ya maigizo wa Praha, na mmoja wao, Jiří Veltruský, aliandika mwaka 1940 kwamba jukwaani mpaka kati ya mtu na kitu haujasimama imara: kitu kinaweza kupanda kikawa mtendaji, na mtu anaweza kushuka akawa sehemu ya mandhari. Nikamwambia kwa mfano huo basi mlinzi wetu wa geti katika tukio la pili ni mandhari. Kijana anayemwigiza hakufurahi.

Jumatatu, 16 Juni

Mlango. Asubuhi nilichora mstari kwa chaki, halafu nikabandika selotepu, halafu nikaweka matofali mawili. Waigizaji walikuwa wakipita kwenye ukuta bila habari. Mmoja aliingia kwa mlango, akatoka dirishani, na dirisha lenyewe halipo.

Mwongozaji akataja opera ya Beijing, ambako mwigizaji anainua mguu juu ya kizingiti kisichokuwepo na watazamaji wanaona mlango. Meza moja na viti viwili vinatosha kuwa mahakama, mlima au kitanda. Tukajaribu kuinua miguu. Ilionekana kama watu wanaruka mtaro wa maji machafu. Kule Beijing mwigizaji anafundishwa hatua hiyo tangu utotoni na watazamaji wake wameikuta. Kwetu haina mwenyewe.

Suluhisho lilitoka kwa Bi Mdogo (anayecheza mke mdogo; nawaita kwa majina ya mchezoni, ndivyo tunavyoitana ukumbini). Alichelewa, akafika mbio, na pale kwenye mstari wa chaki akavua kandambili zake akaingia pekupeku. Hakuwa anaigiza. Tumetandika mkeka, na yeye amelelewa hivyo.

Wote tulinyamaza kidogo, kisha kila mtu akawa anaongea kwa wakati mmoja.

Sasa mlango umekuwa viatu. Kila anayeingia anavua, kila anayetoka anatafuta vyake kwa mguu huku akiendelea kuongea, na mazungumzo yanapata ule mkatiko wa kweli wa mtu anayeaga bila kuondoka. Idadi ya viatu inaeleza nani yumo ndani, hata asiyeonekana. Raba za mtoto zimepanguka huku na huku, za Shangazi zimepangwa zikielekea nje tayari kwa safari. Na makubazi ya marehemu yako pembeni, yanaonekana mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyepata moyo wa kuyaondoa.

Baada ya hapo tukio la Kaka Mkubwa lilijiandika lenyewe. Anatoka mjini, amevaa moka zinazong'aa, anafika mlangoni, anaviona viatu vyote vile, na anaingia bila kuvua. Anakanyaga mkeka. Katika mswada alikuwa na maneno ya jeuri mistari kama sita pale. Mwongozaji ameyafuta yote.

Kuhusu viatu, mwongozaji ametukumbusha safari ya Peter Brook, mwongozaji wa Kiingereza, na kundi lake barani Afrika. Desemba 1972 walitandaza zulia mjini In Salah, Algeria, mbele ya watu ambao hawakuwa na lugha moja nao, wakaweka jozi ya viatu katikati, na mchezo ukaanzia hapo. Mtu anakuja, anaviona, anavijaribu, anabadilika. Sina hakika kama ningependa kuwa mtazamaji wa siku ile, lakini naelewa kwa nini walianza na viatu. Kiatu kinamngoja mtu.

Jumamosi, 21 Juni

Ugomvi wa kinu. Nitauandika kwa kirefu kwa sababu bado watu hawasalimiani vizuri.

Mwongozaji hataki kinu halisi. Hoja yake: ni kizito, kinachukua nafasi ya mtu mmoja kwenye Noah, na mwigizaji mzuri anaweza kutwanga hewa. Ushahidi wake ni The Island, mchezo wa Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, uliooneshwa mara ya kwanza Cape Town mwaka 1973. Unaanza na wafungwa wawili wanachimba mchanga usiokuwepo, wanaujaza kwenye toroli lisilokuwepo, mmoja anamwagia mwenzake kule anakochimba, kazi haiishi, dakika zinapita bila neno. Watazamaji wanaona mchanga, wanaona jua, wanaona gereza.

Mama Mkubwa, yule mke mkubwa, ambaye ndiye anayetwanga mchezoni, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema wale wanaume walikuwa wakifanya kazi isiyo na faida, na huo ndio ulikuwa ujumbe: jasho la bure, kwa hiyo mchanga usiwepo ni sawasawa. "Mimi natwangia watu chakula. Kisipokuwepo, nimefanya nini?"

Tukafanya jaribio. Alitwanga hewa kwanza, vizuri kabisa, mikono inapanda na kushuka. Halafu tukaazima kinu nyumba ya jirani na ukumbi. Tofauti ilikuwa kwenye maneno, wala si kwenye mikono. Alipotwanga hewa, alisema sentensi zake zote zikiwa nzima. Mchi ulipokuwa halisi, sentensi zilikatika pale mchi unapotua. "Hii nyumba" — du — "nimejenga mimi" — du — "kabla hujazaliwa." Pumzi ilikuwa inapangwa na mti. Na alipokasirika hakupaza sauti. Alikosa pigo moja. Nilimwona Kaka Mkubwa akishtuka kwa lile pigo lililokosekana kuliko alivyowahi kushtuka kwa kelele.

Kuna jambo jingine mwongozaji, mtoto wa mjini, Upanga, hakulipa uzito. Watazamaji wetu wanatwanga. Mjini ungeweza kumdanganya mtu kwa mchi wa hewa. Kule tunakokwenda mwanamke akiona mkono unarudi juu bila uzito wa mchi atajua huyo hajawahi, na kuanzia hapo hataamini lingine lolote.

Muafaka: tutabeba mchi, kinu tutaazima kwa wenyeji kila tutakapofika. Mwongozaji amekubali, lakini ameniambia nikae na mpango wa akiba. Mpango wa akiba sina.

Jumatano, 25 Juni

Kanga. Ndani ya sanduku la marehemu wanakuta vitu viwili: leseni ya makazi na doti moja mpya ya kanga, haijakatwa. Wake wawili, doti moja. Haijulikani alimnunulia nani. Kaka Mkubwa anachukua karatasi. Wanawake wanabaki na doti, wanatazamana, na mwishowe wanaigawa.

Tatizo langu la kikazi ni kwamba doti inakatwa kila onyesho, na sisi si matajiri. Nimeikata mara moja, nikazishikiza pande mbili kwa uzi mwembamba, mishono mirefu, ili ichanike kwa kuvutwa. Baada ya onyesho naketi naishikiza tena. Sauti ya uzi ni ndogo kuliko ya kitambaa, lakini Mama Mkubwa anaanza kwa meno, anang'ata ukingo kwanza kama fundi asiye na mkasi, na jicho la mtazamaji linajaza sauti iliyobaki.

Hawawezi kuvaa, wako edani. Kwa hiyo kila mmoja anaikunja ya kwake. Hapa waigizaji walitumia mchana mzima, na nilipata raha kuwatazama. Mara ya kwanza walikunja wote sawa, na tukaona wake wenza waliopatana, tukio tamu la bure. Bi Mdogo akabadilisha. Anaikunja haraka, ndogo, anaifutika kwapani kama mtu anayejua inaweza kuchukuliwa. Mama Mkubwa anaitandaza mapajani, anailainisha pindo kwa kiganja, anakunja mara moja, anairudia kwa sababu haikukaa sawa. Miaka ya ndoa ya kila mmoja iko humo, na hakuna aliyeambiwa na mswada. Nusu mbili za kitambaa kilekile, zimefutika na zimelainishwa.

Jumanne, 1 Julai

Sanduku. Lilikuwa tupu, na waigizaji wawili walilinyanyua kwa kujikaza sura, wakiguna. Tumbo halikukaza. Nimeweka magazeti ya zamani na tofali moja lililofungwa kitambaa lisigonge bati. Sasa wakilinyanyua, kimya. Uzito wa kweli haugunwi.

Karatasi yenyewe ilileta mjadala. Mwongozaji alitukumbusha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii pamoja na wakulima na wafanyakazi waliojijengea ukumbi wa wazi. Katika mchezo wao Ngaahika Ndeenda, hati ya shamba la ekari moja na nusu imetundikwa ukutani kwa Kiguunda, na jamaa huyo anairudia kila mara kuitazama. Waliokuwa wakicheza walikuwa watu wa Limuru, mahali ambapo ardhi ilikuwa imepotea kweli, kwa hiyo macho yanayoinuliwa kwenye ile karatasi hayakuhitaji kufundishwa. Serikali iliuzuia mchezo mwaka huohuo.

Yetu imefungiwa. Kaka Mkubwa alitaka akiipata aipunge hewani watu wote waione. Tumejaribu, ikawa karatasi tu, tena ya fotokopi. Shangazi akamshauri asiisome. "Umeisubiri maisha yako yote. Itie mfukoni haraka, kisha ushike mfuko." Tangu hapo mpaka mwisho wa mchezo mkono wake hautoki kifuani, hata anapokunywa chai anakunywa kwa mkono wa kushoto, na kwenye nyumba ya Waislamu mbele ya wazee hilo nalo linaonekana. Hakuna aliyelipanga, kijana mwenyewe aligundua katikati ya tukio, akaliacha.

Mwongozaji anasema Helene Weigel, Berlin mwaka 1949, alipocheza Mama Courage, mchuuzi wa vitani katika tamthilia ya Brecht, aling'ata sarafu kuhakikisha si bandia na alifunga mkoba wake kwa sauti kali, na watu wakalikumbuka hilo kuliko hotuba. Naamini. Kufuli la sanduku letu lina mlio mbaya na nimekataa kulitia mafuta.

Bakora ina matumizi mengi mno. Imetundikwa kwenye kiti, ni mzee. Kaka Mkubwa akiichukua, ni madai ya ukubwa. Akiinyoosha kwa Bi Mdogo, ni silaha. Inapita hali zote tatu ndani ya dakika moja na nahisi ni nyingi. Nimependekeza ya tatu iondolewe. Sijasikilizwa.

Ijumaa, 4 Julai

Mazoezi ya jumla. Chemli imefutwa. Mchezo ni wa leo, vijiji vingi tunavyokwenda vina umeme, na chemli ilikuwa inawaambia watazamaji kwamba tunawaona washamba. Usiku Kaka Mkubwa anatafuta ufunguo kwa tochi ya simu. Mwanga unamulika makubazi ya marehemu kwa bahati mbaya, anauondoa haraka. Tumebana pia mafuta ya taa kwenye bajeti.

Mtoto wa mwisho, wa miaka tisa mchezoni na kumi na nne kwa kweli, ametufanyia jambo. Tukio la alfajiri anatoka kwenda chooni, haoni raba zake, anaingiza miguu kwenye makubazi ya baba, makubwa kwake, anakokota hadi nje na kurudi, anayavua palepale yalipokuwa. Hajui kama kafanya kitu. Wanawake wawili wamemwona. Mama Mkubwa alitaka kulia hapo. Shangazi akamkataza, akamwambia aendelee kuchambua mchele. Alichambua mchele, na sisi tuliokuwa pembeni ndio tulioshindwa kujizuia.

Jumamosi, 12 Julai

Onyesho la kwanza, Mkuranga, chini ya mwembe. Watu wengi kuliko tulivyotegemea, watoto wamekaa karibu hadi kwenye mstari wa mlango.

Kinu tuliazima kwa bibi mmoja wa nyumba ya jirani na uwanja. Alikileta mwenyewe, akauliza tutatwanga nini. Tukasema hatutwangi kitu, ni maigizo. Akakigeuza kinu arudi nacho. "Kinu changu hakitwangwi kitupu." Ikabidi tukubaliane: akaleta mahindi yake makavu, yakatwangwa jukwaani, na yaliyotwangika ni ya kwake. Alikaa mstari wa mbele akisimamia mali yake. Punje zilivyokuwa zinaruka, mlio wa mchi ukawa mzito zaidi na Mama Mkubwa akawa anainama kuzirudisha katikati ya ugomvi. Anamjibu mtoto aliyemkanyagia mkeka huku akiokota punje. Hatujawahi kuwa na tukio hilo likiwa zuri hivyo.

Kaka Mkubwa alipoingia na moka, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma: "Vua viatu we!" Wengine wakaitikia. Kijana alisita, akatazama viatu vyake, akaendelea. Ile kusita haikuwa kwenye mazoezi na sasa imeingia rasmi.

Mbwa alichukua kubazi moja la marehemu kabla ya tukio la alfajiri. Watoto wa mstari wa mbele walimkimbiza wakalirudisha, na aliyelirudisha hakulitupa. Alilipanga kando ya lenzake, akapangusa vumbi kwa shati. Mchezo ulisimama kidogo, hakuna aliyecheka.

Baada ya onyesho mzee mmoja alinifuata. Alisifu, kisha akasema bakora haiwezi kutundikwa pale kwa siku arobaini bila mtu kuiondoa. Kwao ingekuwa imeshakabidhiwa. Akaelekeza kwa kidole kwa nani: ndugu wa marehemu, si mtoto. Kama ni hivyo, Kaka Mkubwa anapoichukua hampokonyi marehemu, anampokonya baba yake mdogo aliye hai, na sisi baba mdogo hatuna. Nimemweleza mwongozaji. Anafikiria kumpandisha cheo yule mlinzi wa geti, na kijana ameshaanza kutembea kama mwenye bakora.

Kabla ya Kisarawe: uzi wa kushikizia umekwisha, ninunue mweupe. Turubai la kiti limeanza kuchanika upande wa miguu, nilipeleke kwa fundi lakini asibadilishe rangi. Kwenye bajeti niongeze mahindi, kilo mbili, endapo mwenye kinu hatakuwa nayo. Mwongozaji anataka mistari minne ya Mama Mkubwa ipunguzwe kwa sababu kuokota punje kunarefusha tukio. Shangazi anasema ipunguzwe ya Kaka Mkubwa. Tunakutana Jumanne.